Mchezo wa Risasi na Daftari la Mbali

Watu wazima wengi, wasikiapo habari za michezo ya risasi ichezwayo kwenye televisheni, hukunja uso na kusema kwamba vijana wanapoteza wakati. Neno hilo lina haki yake, na siku nyingine tutalijadili. Leo twataka kulitazama jambo kwa upande wa pili: kijana aliyeununua mchezo huo kwa fedha ya jasho lake, je, apata kile alichokilipia? Na akiwa anaishi mbali na miji, mathalani kule Arash katika tarafa ya Loliondo, hali yake huwaje?

Kwa wale ambao hawajauona, mtambo wenyewe ni sanduku dogo, PlayStation au Xbox, liungwalo na televisheni. Wachezaji ni wengi, kila mmoja yuko nyumbani kwake, nao hukutana uwanjani kwa njia ya intaneti. Mfugaji wa Arash ataihesabu bei yake kwa ng'ombe, si kwa kuku. Kisha aulize habari ya umeme. PlayStation 5 hula yapata wati 200 mchezo unapokuwa mkali, na televisheni bado haijahesabiwa. Lakini kibao cha jua kilichozoeleka katika maboma ni kile cha kuwasha taa na kuchaji simu. Juu ya hilo hatuna haja ya kukaa sana, kwa kuwa ni jambo ambalo kila mwanakijiji alikwisha kulijua kabla ya kuuwaza mchezo.

Tuseme basi umeme umepatikana. Mchezo wa Call of Duty uliotoka mwaka 2019 ulidai nafasi ya zaidi ya GB 100. Anayeupakua mzigo huo kwa mtandao wa megabiti 5 kwa sekunde atangoja yapata saa 44, mchana na usiku, pasipo mtandao kukatika hata mara moja. Wale wanunuao bando kwa siku au kwa juma wajua maana ya hesabu hiyo.

Tena kuna umbali, ambao hauna rushwa wala upendeleo. Mwanga ndani ya nyuzi za kioo husafiri yapata kilomita 200,000 kwa sekunde. Kutoka Dar es Salaam hadi London ni kama kilomita 7,500 kwa mstari ulionyooka. Hata waya ungevutwa kama uzi wa fundi mwashi, habari ya kwenda na kurudi ingechukua sehemu 75 katika kila 1,000 za sekunde. Na waya wa baharini haunyooki hivyo, bali hulizunguka bara. Televisheni huonyesha picha 60 kwa sekunde, kwa hiyo picha 4 zimekwisha kupita kabla ya jibu kurudi. Kijana wetu humwona adui mlangoni, hufyatua, kumbe adui alikwisha kuondoka. Wenzake wa Ulaya humcheka kuwa hajui kulenga. Si kweli. Alilenga vizuri, lakini seva iliyohukumu shabaha yake imewekwa karibu na wao.

Na waya wenyewe una siku zake. SEACOM ilifika Dar es Salaam mwaka 2009, na EASSy ikafuata mwaka 2010, nasi tulifurahi kwa haki. Lakini tarehe 12 Mei 2024 zote mbili zilipata hitilafu, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi. Wafanyakazi wa mabenki na maofisi walihangaika siku hizo; mchezo ulikuwa hasara ndogo kuliko zote.

Yote hayo, hata hivyo, ni mambo ya mawe na maji, na mtu huyavumilia. Lisilovumilika ni lile la daftari.

Tarehe 8 Februari 2024 ulitoka mchezo uitwao Helldivers 2, uliotengenezwa na Arrowhead wa Uswidi na kuuzwa na Sony, kwa PlayStation 5 na kwa kompyuta. Katika majuma 12 ziliuzwa nakala milioni 12. Ndani yake watu wasiozidi 4 huungana dhidi ya maadui waendeshwao na mashine, hawawindani wao kwa wao. Kwa sababu hiyo kule kuchelewa tulikokutaja hakuumizi sana. Kama kuna mchezo wa risasi uliofaa watu wa mbali, ni huu.

Sasa tazama. Tarehe 3 Mei 2024 Sony ilitangaza kwamba hata wale waliounununua kwa kompyuta, katika duka la Steam, watalazimika kujiandikisha katika daftari la PlayStation. Lakini daftari hilo halikufunguliwa kwa kila nchi. Tanzania haikuwamo, Kenya haikuwamo, Uganda haikuwamo. Kusini mwa Sahara ilikuwamo Afrika Kusini. Mara mchezo ukaondolewa dukani katika nchi na maeneo 177. Fedha zilikuwa zimekwisha kupokelewa pasipo mtu kuuliza mnunuzi anatoka wapi. Swali hilo lilikuja baadaye.

Wachezaji hawakunyamaza. Katika siku chache waliandika lawama zaidi ya 200,000 mahali pa kutolea maoni dukani, na miongoni mwa walalamikaji hao walikuwamo watu wa nchi zilizoandikwa, wasiopungukiwa na kitu. Walisimama kwa ajili ya wenzao. Tarehe 6 Mei Sony ikaiondoa amri yake. Twawapongeza, mfanyakazi yeyote aliyewahi kudai haki ya mwenzake atalitambua tendo hilo. Lakini kwa miezi mingi baadaye duka lilibaki limefungwa kwa nchi zile zile.

Mwenye PlayStation nyumbani hakufaidika na ushindi huo hata kidogo, maana kwake daftari ni sharti tangu siku ya kwanza. Afanyeje? Hujiandika kuwa mkaaji wa Uingereza, Marekani au Afrika Kusini, na kununua vocha za nchi hiyo, pamoja na ada ya PlayStation Plus, ambayo pasipo hiyo michezo mingi ya kukutana haifunguki. Kwa sharti za kampuni hilo ni kosa, na akaunti yaweza kufungwa pamoja na kila kilichonunuliwa. Kijana mwaminifu, mlipaji, afanywa mwongo ili apate kuhudumiwa.

Ndiyo maana katika vibanda vya gemu vya miji yetu utawakuta vijana kwenye mpira, wawili na pedi mbili mbele ya televisheni moja, na wa tatu akingoja zamu. Wengine hudhani ni kwa kupenda kandanda tu. Kupenda kupo, lakini mchezo huo hauombi waya wa baharini wala uraia wa kuazima. Kama enkeshui ya Wamasai, au bao la pwani, wahitaji mtu wa kukaa mbele yako.

Anayekusudia kununua mchezo wa risasi na amwulize mwuzaji maneno matatu kabla ya kutoa fedha: je, wachezeka pasipo intaneti, je, wawili waweza kuucheza kwenye televisheni moja, na akaunti yake yaandikwa kwa nchi gani? Mwuzaji akisita katika la tatu, fedha na ibaki mfukoni.