Mnara wa Chuma na Mkuki wa Mhunzi: Sayansi Katika Hadithi za Kubuni na Mapambano

Masimulizi ya kale ya Wahaya yanaeleza kwamba Mukama Rugomora Mahe, mtawala wa Kyamutwara katika karne ya 17, alitamani kujua mbingu zikoje. Basi akawakusanya wahunzi huko Katuruka, karibu na Maruku katika wilaya ya Bukoba, akawaamuru wamjengee mnara wa chuma utakaofika juu. Mnara ukapanda, lakini kabla ya kufika mbinguni ukaanguka.

Mtafiti wa mambo ya kale, Peter Schmidt, alifika Katuruka mwishoni mwa miaka ya 1960, akayasikiliza masimulizi hayo kwa wazee, kisha akachimba pale walipomwonyesha, penye mti wa matambiko uitwao Kaiija. Alikuta mabaki ya kazi ya chuma ya zamani mno kuliko utawala wa Rugomora, ya miaka 2,000 hivi iliyopita. Hivyo hadithi iliyodhaniwa kuwa ndoto tupu ilikuwa imehifadhi kumbukumbu ya kweli: kwamba mahali pale palikuwa pa wahunzi.

Tumeanza na mnara huu kwa sababu ndani yake mna mambo yote mawili yatakayotushughulisha. Mna swali la kisayansi lililovishwa hadithi, na mna watu wenye nguvu na silaha ambao aghalabu hugombana. Wanafunzi wengi wa sekondari hupenda kuandika hadithi za namna hii, nao walimu hulalamika kwamba ndani yake sayansi huwa pambo tu, na mapambano huwa ya miujiza. Makala haya yanakusudia kuonyesha jinsi elimu ya fizikia, kemia na biolojia inayofundishwa darasani inavyoweza kumsaidia mwandishi.

Sharti la jambo moja

Hadithi ya kubuni ya kisayansi si sawa na hadithi ya ajabu. Shaaban Robert, katika Kusadikika (1951), alibuni nchi iliyo angani, wala hakujali inaninginia kwa kani gani, kwa kuwa shabaha yake ilikuwa haki na utawala wa wanadamu. Kadhalika watambaji wa nanga wa Kagera, kama vile marehemu Habibu Selemani aliyefariki mwaka 1993, husifu mashujaa wasiopimika kwa mizani ya kawaida. Sanaa hizo zina kanuni zake, na hatuna haja ya kuzisahihisha kwa rula.

Mwandishi wa hadithi ya kisayansi amefunga mkataba mwingine na msomaji wake. Anaruhusiwa kubuni jambo moja ambalo halijawahi kuwapo. Baada ya hapo vitu vingine vyote vitii kanuni za maumbile. Mfaransa Jules Verne, mwaka 1865, aliandika juu ya watu waliorushwa kwenda mwezini kwa mzinga. Alikadiria vizuri kasi inayotakiwa ili kuiacha dunia, yaani karibu mita 11,000 kwa sekunde. Lakini mzinga wake ulikuwa na urefu wa mita 270 tu. Mwanafunzi akitumia kanuni ya mchapuko, yaani mraba wa kasi ukigawanywa kwa mara mbili ya umbali, atapata mchapuko unaozidi ule wa mvutano wa dunia mara 22,000. Msafiri wa kilo 60 angekandamizwa kana kwamba ana uzito wa tani 1,300. Safari ingekwisha kabla haijaanza.

Kosa hilo halikumzuia Verne kusifiwa, lakini linatufundisha kwamba hesabu ya mistari miwili yaweza kupima sura nzima ya kitabu.

Kuupima mnara

Tuchukue sasa mnara wa Katuruka na kuufanyia kazi hiyo. Mita moja ya ujazo ya chuma ina tungamo la kilo 7,800 hivi. Kwa hiyo nguzo ya chuma kitupu, kwa kila mita ya urefu wake, huongeza mkandamizo wa Newton 76,000 juu ya kila mita ya mraba ya ardhi iliyo chini yake. Udongo mgumu wa mfinyanzi waweza kubeba kwa usalama kiasi cha Newton 200,000 kwa mita ya mraba. Udongo uliolowa hubeba kidogo zaidi ya nusu ya hapo, au pungufu. Maana yake ni kwamba nguzo hiyo, ikisimamishwa bila msingi mpana, itavuka kikomo cha ardhi ikiwa na kimo cha mita 3 tu! Chuma chenyewe kingali imara. Kinachoshindwa kwanza ni udongo.

Mnara wa Eiffel wa Paris, uliokamilika mwaka 1889, ulitumia tani 7,300 za chuma na kupita kimo cha mita 300. Haukuzama, kwa sababu si nguzo nzima: ni wavu wa pau uliopanuka chini na kukanyaga ardhi kwa miguu minne yenye misingi mipana.

Hapa ndipo hadithi inapozaliwa. Mwandishi aweza kubuni mhunzi mmoja aliyegundua, kabla ya wenzake, kwamba mnara uwe mwepesi na mpana chini. Atamwambiaje Mukama, naye anataka mnara mnene wa kuonyesha utukufu? Walinzi watafanya nini mhunzi akikataa kuendelea na kazi kwa kuwa watu watakufa? Mgogoro umetoka ndani ya sayansi yenyewe, haukubandikwa kutoka nje.

Chuma hakimwagwi

Mwandishi na aijue vema kazi ya wahusika wake. Wanafunzi wengi wataandika kwamba wahunzi wa kale waliyeyusha chuma na kukimwaga katika kalibu ya mkuki. Sivyo. Chuma safi huyeyuka kwenye nyuzi 1,538 za Selsiasi. Katika tanuri la kale la Afrika, mawe ya chuma yaliunguzwa pamoja na makaa. Kaboni ya makaa ikaondoa oksijeni iliyomo katika mawe. Takataka zikayeyuka na kuwa mavi ya chuma, na chuma kikabaki bonge lenye vishimo-vishimo kama sifongo. Bonge hilo lilipashwa moto tena na kufuliwa kwa nyundo mpaka likawa jembe au mkuki.

Mwaka 1976, wazee wa Kihaya waliokuwa wameiacha kazi hiyo kwa miongo kadhaa walijenga tanuri tena mbele ya Schmidt na mwenzake Donald Avery. Matokeo yalitangazwa mwaka 1978 katika jarida la Science. Watafiti hao walisema kwamba hewa ya mifuo ilipata joto ndani ya kewa za udongo kabla ya kufikia makaa, na hivyo tanuri likawa na moto mkali sana. Wataalamu wengine waliipinga hoja hiyo, na mabishano yakaendelea kwa miaka mingi. Mwandishi anafaidika na yote mawili: ustadi wa wazee ni wa hakika, na ubishi wa wataalamu ni kiini kizuri cha hadithi.

Pambano na kanuni za mwendo

Tuje kwenye mapigano. Katika hadithi nyingi shujaa hupiga ngumi na adui akaruka mita kumi. Tupime. Ngumi pamoja na mkono unaoisukuma ni kama kilo 3, nayo yaweza kwenda mita 8 kwa sekunde. Ikimfikia mtu wa kilo 70 na mwendo wake wote ukapokewa na mwili wake, mwili huo utapata kasi ya theluthi moja ya mita kwa sekunde, ambayo ni ndogo kuliko kasi ya mtu anayetembea polepole. Mtu aliyepigwa huanguka kwa kupoteza mizani au fahamu, harushwi. Tena mifupa ya kiganja ni myembamba kuliko fuvu, na apigaye kichwa kwa ngumi tupu huweza kuvunjika yeye mwenyewe.

Mkuki ni jambo jingine. Mkuki wa gramu 800 ukienda mita 20 kwa sekunde una nishati ya jouli 160, sawa na mkungu wa ndizi wa kilo 16 ulioanguka kutoka kimo cha mita moja. Tofauti ni kwamba nishati hiyo yote imekusanyika kwenye ncha. Je, unaweza kukwepwa? Jicho na ubongo huhitaji karibu robo ya sekunde kabla mwili haujaanza kujibu. Kutoka mita 20 mkuki huchukua sekunde nzima. Mtu anayetazama ana nafasi. Kutoka mita 5 huchukua robo ya sekunde; nafasi hiyo imekwisha. Basi umbali ndio unaoamua nani ataishi, na mwandishi aliyeutaja umbali mapema huwa amekwisha kumtia msomaji hofu.

Fikirini pia juu ya pumzi. Nishati ya haraka iliyowekwa ndani ya misuli hutosha kwa jitihada kali ya sekunde 10 hivi. Baada ya dakika moja mpiganaji hutweta na mikono humlemea. Adrenalini huharakisha moyo na kuchelewesha maumivu, lakini hutetemesha vidole, na kazi ndogo kama kufunga fundo huwa ngumu. Pambano la kweli ni fupi, halina nadhifu, na maneno marefu ya majigambo hayamo.

Mahali napo hupigana

Uwanja wa mapambano wa Bukoba na Muleba si nyika. Ndani ya kibanja, migomba na mibuni husongamana. Mtu haoni mbali, na mkuki mrefu hauna nafasi ya kuzungushwa. Panga likikosa shabaha huzama katika shina la mgomba, ambalo ni laini na limejaa maji, na kulichomoa hugharimu muda. Bukoba hupata mvua ya milimita 2,000 hivi kwa mwaka, na matandazo yaliyolowa huteleza. Miguu, basi, yaweza kuwa adui kuliko adui mwenyewe.

Ufukoni kuna sheria nyingine. Tuseme mtu amesimama pwani ya Muleba akitazama upande wa kisiwa cha Bumbire, na bunduki imelia katika mashua iliyo mita 680 majini. Ataona mwako kwanza, kisha sekunde 2 baadaye atasikia mlio, kwani sauti huenda mita 340 kwa sekunde. Usiku hewa iliyo karibu na maji huwa baridi kuliko ya juu, na sauti hupindishwa kurudi chini. Maneno ya wavuvi husikika mbali kuliko mchana. Siri nzuri ya hadithi yaweza kuvuja kwa njia hiyo.

Baada ya pigo

Hapa pana jambo lililo zito kuliko sanaa. Mhusika hupigwa rungu kichwani, huzimia, huamka na kuendelea kukimbia. Msomaji kijana hujifunza, bila kuambiwa, kwamba pigo la kichwa ni jambo dogo. Kumbe mtu aliyezimia kwa pigo ameumia ubongo. Damu yaweza kuvuja polepole ndani ya fuvu kwa saa kadhaa huku anazungumza vizuri. Kuumwa kichwa kunakozidi, kutapika mara kwa mara, kuchanganyikiwa au usingizi usio wa kawaida ni dalili za kumkimbiza hospitalini mara moja. Mwanafunzi aliyesoma hadithi ya kweli juu ya jambo hili huenda akamwokoa mwenzake.

Mkoa wa Kagera una sababu nyingine ya kudai ukweli. Katika vita vya 1978 na 1979, majeshi ya Idi Amin yalivamia nchi ya kaskazini ya mto Kagera, na watu wakakimbia makwao. Wazee walioyaona hayo wangali miongoni mwetu. Mwandishi akae nao kwa adabu awasikilize; atagundua kwamba wanakumbuka zaidi hofu, njaa na waliopotea kuliko mapigo.

Mifano miwili

Soma kwanza aya hii: “Mhunzi alirusha ngumi moja, walinzi watatu wakapaa angani. Akapigwa rungu la kichwa mara tano, akacheka, akauparamia mnara.”

Sasa soma hii: “Mlinzi alikuwa hatua sita mbele yake. Mhunzi aliuona mkono ukirudi nyuma, akajitupa pembeni kabla mkuki haujatoka. Alianguka juu ya matandazo mabichi, bega likagonga shina la mgomba. Mkuki ulikwama nyuma yake. Alipojaribu kuuchomoa, vidole havikukaza. Wote wawili walitweta, wakitazamana, na hakuna aliyetaka kuanza tena.”

Aya ya pili haina mshindi, lakini tunaiogopa, kwa sababu miili iliyomo ni kama yetu.

Kazi ya darasani

1. Nguzo ya chuma ya mita 10 ina eneo la chini la mita 1 ya mraba. Msingi wake uwe na eneo gani ili udongo unaobeba Newton 100,000 kwa mita ya mraba usishindwe? (Usihesabu uzito wa msingi.)

2. Mlinzi anarusha mkuki kwa kasi ya mita 15 kwa sekunde. Mhunzi anahitaji sekunde 0.25 kutambua na sekunde 0.35 kusogea. Umbali mdogo kabisa wa kumwokoa ni upi?

3. Andika hadithi ya kurasa tatu juu ya mnara wa Katuruka. Buni jambo moja tu lisilokuwapo. Pawe na pambano moja lisilozidi dakika moja, na ueleze hali ya waliopigana siku ya pili yake. Kisha mpe mwenzako wa darasa la fizikia aikague, na mwenzako wa darasa la Kiswahili aisome kwa sauti.