Nyota Ikitoroka: Kutafuta Hitilafu katika Kitako cha Darubini chenye Mota

Kitako cha darubini chenye mota kina kazi moja kubwa: kuizungusha darubini kuelekea magharibi kwa kasi ileile ambayo Dunia inajizungusha kuelekea mashariki, ili nyota iliyolengwa ibaki mahali pake mbele ya jicho. Dunia humaliza mzunguko mmoja, ukipimwa kwa nyota, katika saa 23, dakika 56 na sekunde 4. Kwa hesabu hiyo anga husogea digrii 15 hivi kila saa. Wanafalaki huigawa digrii moja katika dakika 60 za tao, na kila dakika katika sekunde 60 za tao; kwa kipimo hicho anga husogea sekunde 15 za tao kila sekunde moja ya saa. Mwezi mpevu una upana wa nusu digrii hivi. Mota ikizimwa, anga hupita upana huo kwa dakika 2 tu, na darubini inayokuza mara 200 kwa kawaida huonyesha eneo dogo zaidi ya hapo. Nyota huwa imeshatoka kabla mtazamaji hajampisha mwenzake.

Ufuatiliaji wa nyota kwa mtambo una historia ndefu. Mwaka 1824 Joseph Fraunhofer, fundi wa lenzi wa Ujerumani, alikamilisha darubini yenye lenzi ya upana wa sentimita 24 kwa ajili ya kituo cha Dorpat, mji ambao leo ni Tartu nchini Estonia. Iliendeshwa na mtambo wa saa uliovutwa na uzito unaoshuka, na umbo la kitako chake bado linaitwa kitako cha Kijerumani. Ni aina mojawapo ya vitako vya ikweta: mhimili wake mkuu huelekezwa kwenye ncha ya mbingu, yaani kitovu ambacho anga huonekana kukizunguka, hivyo mota moja yenye mwendo usiobadilika hutosha kuifuata nyota. Aina nyingine ni kitako cha wima na mlalo, kinachopanda na kushuka, kisha kugeuka kushoto na kulia. Hicho huhitaji mota mbili zinazobadilishiwa kasi kila wakati na kompyuta ndogo iliyo ndani yake.

Kusoma mwendo wa nyota

Watu wengi nyota ikitoroka hukimbilia spana. Kabla ya kulegeza boliti yoyote, nyota yenyewe inafaa kutazamwa kwa dakika kadhaa, kwa sababu jinsi inavyotoroka ndiyo dalili ya ugonjwa. Kwanza mota huzimwa: upande ambao nyota inakimbilia ndio magharibi, na mkato wake ni kaskazini na kusini. Muda unaotumiwa na nyota kuvuka kutoka ukingo hadi ukingo huandikwa, kisha mota huwashwa na nyota kutazamwa tena.

Nyota ikivuka kwa muda uleule wa awali, mota haizunguki kabisa, au inazunguka lakini mhimili haushikwi. Ikivuka kwa nusu ya muda, mota inazunguka kinyume, na kasi yake imejumlishwa na ile ya Dunia. Ikiteleza polepole upande wa mashariki au magharibi, kasi iliyochaguliwa si sahihi. Ikiteleza taratibu kuelekea kaskazini au kusini bila kurudi, mhimili haujaelekezwa vizuri kwenye ncha. Ikienda na kurudi kwa mpigo unaojirudia kila baada ya dakika kadhaa, chanzo kimo katika gia. Ikiruka ghafla, lawama ni ya upepo, waya ulionasa, klachi inayoteleza au miguu inayozama ardhini.

Mipangilio ya rimoti

Hitilafu nyingi hazimo katika chuma bali katika taarifa zilizoingizwa kwenye rimoti. Ya kwanza ni nusu ya Dunia. Vitako vingi hutoka kiwandani vikiwa vimepangiwa kaskazini. Dar es Salaam, Mombasa na Nairobi ziko kusini ya ikweta, na huko kitako cha ikweta kinachoelekezwa ncha ya kusini lazima mhimili wake uzunguke kinyume na ule wa kaskazini. Kosa hili ndilo linaloifanya nyota ikimbie kwa kasi maradufu.

Ya pili ni saa. Rimoti hutumia saa za kizungu kwa mfumo wa saa 24, hivyo saa mbili usiku huandikwa 20:00. Atakayeandika 02:00 ataigeuza ramani ya mbingu robo mzunguko, na darubini itatafuta nyota chini ya upeo. Hata kosa la dakika 4 lina thamani ya digrii moja. Eneo la saa ni +3 kwa Kenya, Tanzania na Uganda, +2 kwa Rwanda, Burundi na mashariki ya Kongo, na +4 kwa Oman. Kipengele cha saa za majira ya joto huzimwa. Tarehe pia huhitaji uangalifu, maana rimoti nyingi hufuata mtindo wa Marekani wa kutanguliza mwezi kabla ya siku.

Ya tatu ni mahali. Simu huonyesha kuwa Dar es Salaam iko latitudo 6.8 kusini na longitudo 39.3 mashariki, lakini rimoti nyingi hudai digrii na dakika. Desimali hiyo huzidishwa kwa 60: 6.8 ni digrii 6 na dakika 48, wala si dakika 80.

Ya nne ni kasi. Rimoti huwa na kasi ya nyota, ya Jua na ya Mwezi. Mwezi husogea kati ya nyota kiasi cha nusu digrii kila saa, kwa hiyo kasi yake ikiachwa tangu usiku wa jana, nyota za leo zitateleza taratibu ingawa mota ni nzima. Kasi ya Jua hutumiwa tu ikiwa kichujio cha Jua kimefungwa mbele ya darubini. Bila hicho jicho hupofuka papo hapo.

Mwisho ni nyota za kulinganishia. Kitako chenye kompyuta humtaka mtumiaji alenge nyota mbili au tatu ili kijue kilipo. Suheli huandikwa Canopus kwenye rimoti na haina mpinzani wa karibu. Rigil Kentaurus na Hadar, kinyume chake, ziko jirani na zote zinang'aa, na ni rahisi kulenga moja badala ya nyingine. Zikikosewa, kitako cha wima na mlalo hakitaikosa shabaha tu, kitashindwa pia kufuata.

Ncha isiyoonekana

Mhimili wa kitako cha ikweta huinuliwa kwa pembe iliyo sawa na latitudo ya mahali. Ulaya kazi hii ni nyepesi, kwa kuwa Nyota ya Kaskazini iko juu angani, pungufu ya digrii moja kutoka kwenye ncha. Afrika Mashariki mambo ni magumu. Nairobi ncha ya kusini iko digrii 1.3 tu juu ya upeo, na Dar es Salaam haifiki digrii 7. Nyota iliyo karibu na ncha hiyo, Sigma Octantis, ni hafifu hata pale anga likiwa jeusi, na karibu na upeo humezwa na ukungu, vumbi, miti na majengo. Zaidi ya hayo, vitako vingi havikuundwa kushuka chini kiasi hicho: fimbo ya vyuma vya uzani hugonga mguu wa stendi kabla pembe haijafikiwa. Njia mojawapo ya kuongeza mwinamo ni kurefusha au kufupisha mguu mmoja, kwa sharti kwamba stendi ibaki imara na isielemee upande wa kuanguka. Kinachohesabiwa ni mhimili kuelekea kwenye ncha, si miguu kuwa sawa kwa pimamaji.

Dira husaidia kuanzia, lakini huonyesha kaskazini ya sumaku, ambayo hutofautiana na kaskazini halisi kulingana na mahali, na chuma cha stendi pamoja na mota huivuruga. Usahihi hupatikana kwa kupima mtelezo. Nyota iliyo karibu na ikweta ya mbingu, inapokuwa juu kabisa katika safari yake, hutazamwa kwa dakika 5 au zaidi. Ikiteleza kaskazini au kusini, mhimili umekosea kushoto au kulia, na skrubu za pembeni hugeuzwa kidogo. Mtelezo ukiongezeka, skrubu imegeuzwa upande usiofaa na hurudishwa. Kisha nyota nyingine iliyo chini upande wa mashariki au magharibi hutumiwa kurekebisha mwinuko kwa utaratibu uleule. Mtelezo wa mashariki na magharibi hupuuzwa katika zoezi hili.

Ukubwa wa kosa unakadirika. Mhimili uliokosea ncha kwa digrii moja unaweza kuifanya nyota iteleze hadi sekunde 16 za tao kila dakika. Katika dakika 3 sayari ya Mshtarii huwa imehama upana wake mzima. Kwa kutazama kwa jicho hilo linavumilika. Kwa picha ya dakika kadhaa halivumiliki.

Kitako cha wima na mlalo hakihitaji ncha, lakini kina udhaifu wake. Kitu kinapopita karibu na utosi, mota ya mlalo hulazimika kugeuka kwa kasi kubwa mno na mara nyingi hushindwa. Kwa wakazi wa karibu na ikweta hili si jambo la nadra, kwa sababu sayari hupita juu sana angani. Dawa ni kusubiri nusu saa, kitu kiteremke. Vilevile picha za muda mrefu zilizopigwa kwa kitako hiki huonyesha nyota za pembeni zikizunguka ile ya katikati. Hilo ni umbile lake, si ubovu.

Mizani, umeme na gia

Darubini isiyo na mizani huilemea mota. Klachi zikilegezwa, darubini na vyuma vya uzani vinapaswa kutulia katika kila mkao, na kamera iwe imeshafungwa wakati wa kupima. Wapiga picha wazoefu huacha upande wa mashariki uwe mzito kidogo tu, ili meno ya gia yabaki yameegemeana upande mmoja. Baada ya hapo klachi hukazwa, maana klachi iliyolegea humfanya mtu asikie mota ikinguruma huku nyota ikienda zake.

Umeme dhaifu huleta dalili za ajabu: rimoti hujizima na kujiwasha, mota hukwama inapoenda kasi, mpangilio wote hupotea. Vitako vingi hutumia volti 12. Betri ya risasi ya gari au ya sola iliyojaa husoma volti 12.7 hivi ikiwa imetulia. Ikisoma 12 imekaribia kwisha. Kipimo chenye maana ni kile kinachochukuliwa mota zikizunguka, tena kwenye ncha ya waya iliyo upande wa kitako, kwa sababu waya mrefu na mwembamba hula volti njiani. Chanya na hasi zikibadilishana, saketi inaweza kuungua. Ukanda wa pwani chumvi ya hewani hula viunganishi, na kuvisafisha mara nyingi humaliza tatizo lililodhaniwa kuwa la kompyuta.

Gia hufuata baada ya hayo yote. Vitako vingi vina parafujo inayosukuma gurudumu la meno. Gurudumu la meno 180 huifanya parafujo imalize mzunguko mmoja kwa dakika 8 hivi. La meno 144, kwa dakika 10. Parafujo haichongwi ikawa kamilifu, ndiyo maana nyota huyumba mashariki na magharibi kwa mpigo huohuo, mara nyingi kwa makumi ya sekunde za tao. Mpigo ukilingana na muda wa parafujo, chanzo kimethibitika. Baadhi ya vitako hurekodi myumbo huo na kuusahihisha vyenyewe.

Dalili nyingine ni mchezo wa gia: kitufe kikibonyezwa upande wa pili, nyota hukaa kwanza kabla ya kusogea. Parafujo husogezwa karibu na gurudumu kwa skrubu zake, robo mzunguko au chini ya hapo kila mara. Ikibanwa mno, mota hukwama na meno hulika. Grisi iliyokauka au kuingia vumbi husafishwa na kubadilishwa.

Wapiga picha huongeza kamera ndogo inayoangalia nyota moja na kuiamuru mota ijirekebishe. Kamera hiyo husahihisha mabaki ya makosa, haifichi uzembe. Ikipiga picha za muda mfupi sana, hufukuza mtetemo wa hewa badala ya nyota. Sekunde 2 au 3 ni mwanzo mzuri. Isipofungwa imara, itaripoti ufuatiliaji safi huku picha ya darubini kubwa ikitoka na nyota zilizorefuka.

Kwa hiyo ukaguzi una mpangilio wake: mipangilio, mizani na klachi, umeme, ncha, na gia mwisho. Kitu kimoja hubadilishwa kwa wakati mmoja na matokeo huandikwa, la sivyo haitajulikana ni lipi lililoponya. Mwenye darubini asifungue sanduku la gia mpaka hatua zote za awali zimepita bila kuonyesha kosa.