Kifaa cha kufuatilia tela: betri gani inafaa, na hatari iko wapi?

Wasafirishaji wa njia za Malaba, Rusumo na Tunduma wanajua kuwa tela huweza kukaa foleni siku kadhaa, pengine likiwa limetenganishwa na kichwa cha lori. Ndiyo maana baadhi yao huwaagiza mafundi wa elektroniki wawatengenezee kifaa kidogo chenye laini ya simu, kinachotuma ujumbe kueleza tela liko wapi. Kukiunganisha si kazi kubwa. Kinachosumbua ni betri.

Lalamiko la kawaida ni kwamba kifaa hufanya kazi vizuri karakana, kisha hunyamaza porini. Lawama huangukia kampuni ya simu, mara nyingi bila haki. Modemu ya 2G, kama SIM800L inayouzwa kwa bei nafuu, hula umeme kwa mikupuo. Wastani wake ni mdogo, lakini wakati wa kutuma mawimbi huweza kuvuta hadi ampea 2 kwa muda usiofika hata elfu moja ya sekunde, tena zaidi ya mara 200 katika sekunde moja. Mnara ukiwa mbali, nguvu inayohitajika huongezeka. Betri dhaifu au waya mwembamba hushindwa, volteji hushuka chini ya 3.4, modemu inazimika, inawaka, inatafuta mtandao na kuzimika tena. Mwenye mzigo habaki na habari yoyote.

Betri ndogo ya mraba ya volti 9 haifai kabisa, kwani haiwezi mikupuo hiyo. Betri tatu za tochi zikiwa mpya hupita volti 4.5, ilhali modemu hiyo mwisho wake ni 4.4. Seli moja ya lithiamu ya volti 3.7 inafaa, maana hata ikijaa haizidi 4.2. Fundi aongeze kapasita ya mikrofaradi 1000 karibu kabisa na modemu, na nyaya ziwe fupi na nene.

Hata hivyo lithiamu si ya kuchezea, hasa ndani ya tela lenye magodoro au pamba. Seli ikipigwa shoti, ikitobolewa au ikichajiwa kupita kiasi huweza kulipuka moto usiozimika kirahisi. Inunuliwe yenye saketi ya kinga, ichajiwe kwa chaja ya lithiamu tu, na isichajiwe ikiwa imepata joto la zaidi ya nyuzi 45, jambo rahisi kutokea chini ya bati juani. Wafanyabiashara wajihadhari pia na seli za 18650 zilizoandikwa 9900 mAh: nyingi zilizo halisi huwa kati ya 2000 na 3500. Kifaa kinachotumia wastani wa miliampea 20 kitadumu takriban saa 100 kwa seli ya 2000.

Wanaotaka kuchukua umeme wa lori wasiunganishe moja kwa moja. Mfumo wa volti 24 hufikia 28 hivi injini ikinguruma, kwa hiyo kipunguza volteji kinahitajika, pamoja na fyuzi iliyofungwa jirani na betri, si upande wa kifaa. Waya ukichunika katikati ya safari, fyuzi ya mbali haisaidii kitu.

Kifaa hiki hakichukui nafasi ya lakiri ya kielektroniki ya forodha, wala fundi asiiguse lakiri hiyo anapokifunga.