Kompyuta Inayosomwa kwa Vidole

Wengi wetu tukisikia kuwa asiyeona anatumia kompyuta, hudhani anasikiliza tu. Ni kweli zipo programu zinazosoma kwa sauti maneno yaliyo kwenye kioo. Lakini sauti haionyeshi herufi. Sisi tulioanzia alifu na be tunaijua tabu ya kutenganisha sini na swadi kwa sikio peke yake. Mwalimu huishia kutuonyesha herufi yenyewe. Asiyeona naye anahitaji kuonyeshwa, ila yeye huiona kwa ncha ya kidole.

Herufi hizo ni nukta nundu za Louis Braille, Mfaransa aliyepofuka utotoni, ambaye alizitangaza kwa kitabu mwaka 1829. Kila herufi ni mpangilio wa nukta zisizozidi sita ndani ya kijumba kimoja. Kwenye karatasi, nukta ikishachomoza imechomoza. Kazi ya mafundi ilikuwa kuifanya ipande na kushuka kwa amri ya kompyuta.

Njia iliyozoeleka ni hii: chini ya kila pini ndogo huwekwa ulimi mwembamba wa kauri maalumu, ambao ukipitishiwa umeme hujipinda na kuinua pini. Kijumba cha kompyuta kina pini nane. Kibao cha vijumba 40 basi kina pini 320, na kila pini na ulimi wake! Ndiyo maana bei yake hufika maelfu ya dola, mara nyingi kuipita kompyuta yenyewe.

Na hivyo 40 ni mstari mmoja tu. Ukiisha, msomaji hubonyeza kitufe upande mwingine. Kwa Kiarabu nafasi ni finyu zaidi. Katika nukta nundu Kiarabu husomwa kutoka kushoto kwenda kulia, na irabu haikai juu wala chini ya herufi, bali huifuata katika kijumba chake. Aya yenye irabu kamili hula karibu vijumba viwili kwa kila herufi, hivyo mstari mzima hubeba herufi 20 hivi. Anayehifadhi hukatizwa kila mara.

Mbona basi wasipange mistari kumi? Ndimi zile ni ndefu na hulazwa nyuma ya mstari, hali nukta na nukta zimeachana kwa milimita 2.5 hivi. Mstari wa pili utakaa wapi? Kampuni ya Dot ya Korea Kusini ikageukia sumaku ndogo za umeme. Kwa ufundi huo kikatengenezwa chombo kiitwacho Monarch, kilichoanza kuwafikia wanafunzi wa Marekani mwaka 2024. Kina mistari 10 ya vijumba 32, jumla pini 3,840, na juu yake mtoto hupapasa pembetatu au ramani pamoja na maandishi yake.

Bei yake inazidi dola 10,000. Kwa hiyo wengi bado husoma karatasi, na msahafu wa nukta nundu ni mabuku makubwa kadhaa, si kitu cha kutia mkobani kwenda nacho chuoni.