Matairi ya Ukingo Mweupe: Tazama Umri Kwanza

Juma hili nimepokea barua ya mzee mmoja wa Moshi. Ana Volkswagen Beetle ya mwaka 1966 aliyoachiwa na kaka yake, na anataka impeleke binti yake kanisani siku ya arusi. Gari limepigwa rangi upya, viti vimeshonwa. Kilichobaki ni matairi yenye ukingo mweupe. Rafiki yake anayo manne yaliyokaa stoo zaidi ya miaka 20, meno yamejaa na weupe bado unang'aa. Anauliza, ayanunue?

Mzee wangu, shikamoo. Jibu langu ni hapana, na sababu zake nitazieleza hapa kwa faida ya wote wenye magari ya kale.

Mpira wa asili una rangi ya maziwa, na matairi ya mwanzo kabisa, yaliyotiwa oksidi ya zinki, yalikuwa meupe yote. Katika miaka ya 1910 viwanda vilianza kuuchanganya mpira na kaboni nyeusi, unga unaofanana na masizi, kwa kuwa tairi la namna hiyo haliishi upesi. Wengine waliutia weusi huo kwenye sehemu inayokanyaga barabara tu, ubavu ukabaki mweupe. Kumbe yale tunayoyaona leo kuwa madaha yalianza kama kubana matumizi! Ilipofika miaka ya 1930 mambo yalikuwa yamegeuka, na ukingo mweupe ukawa alama ya mwenye nacho.

Upana wa ukingo huo nao una habari zake. Chevrolet Bel Air ya 1957 hupendeza kwa ukingo mpana, zaidi ya inchi 2. Kuanzia 1962, magari mengi ya Marekani yalivaa mstari mwembamba wa inchi 1 hivi. Kwa Volkswagen ya 1966 mimi ningechagua mwembamba. Lakini hilo ni suala la jicho, na hakuna aliyekufa kwa kukosea upana.

Kwa tairi lililozeeka watu hufa. Mpira huzeeka hata ukiwa umelala. Hewa na joto huukausha, nyufa ndogo hutokea ubavuni, na ndani tabaka za nyuzi huanza kuachana bila wewe kuona. Sasa fikiria stoo ya bati! Meno yaliyojaa yanakuambia kwamba tairi halikutembea, hayakuambii lilizaliwa lini. Tarehe imeandikwa ubavuni. Tafuta herufi DOT, kisha soma tarakimu 4 za mwisho: 2315 ni juma la 23 la mwaka 2015. Ukikuta tarakimu 3 tu, tairi hilo ni la kabla ya mwaka 2000, wala usiulize bei. Michelin hushauri tairi liondolewe likitimiza miaka 10 tangu kutengenezwa, hata kama linaonekana zima.

Kuhusu saizi, Beetle hiyo ilivaa 5.60-15, yaani upana wa inchi 5.60 kwa rimu ya inchi 15, nyuzi zake zikipishana kwa mshazari. Tairi la radiali, ambalo nyuzi zake hukatiza moja kwa moja toka upande mmoja hadi wa pili, lipo la 165R15. Herufi R ndiyo alama yake. Mimi ningechukua hilo, kwa sababu hushika barabara vizuri zaidi kwenye kona. Ila usifunge aina moja mbele na nyingine nyuma, gari likakuyumbia mikononi. Na kwa kuwa injini iko nyuma, matairi ya nyuma hujazwa upepo zaidi ya yale ya mbele.

Utauziwa pia pete za mpira mweupe za kubana kati ya rimu na tairi. Ni rahisi, lakini husugua ubavu kila gurudumu linapozunguka, na kwenye mwendo zinaweza kuchomoka. Rangi ya brashi hupasuka.

Mapya yapo. Kampuni ya Coker Tire ya Chattanooga, Tennessee, iliyoanzishwa 1958, hushughulika na matairi ya magari ya kale. Pamoja na usafiri na ushuru, bei itauma, sikufichi. Fedha zisipotosha, funga meusi mapya. Bibi arusi atafika vilevile.

Ukiyapata ya ukingo mweupe, usishtuke kuuona umepakwa rangi ya buluu. Hiyo ni kinga ya safarini. Ioshe kwa maji ya uvuguvugu, sabuni na brashi laini kabla gari halijaanikwa juani, maana ikikauka hung'ang'ania. Petroli na mafuta ya taa viweke mbali, huula mpira.