Mvumo wa Amplifaya: Somo la Kutafuta Chanzo

Mwalimu mwanafunzi anayekwenda kufundisha sayansi mkoani Tabora huenda akakuta stooni amplifaya kuukuu ya valvu, yaani vile vichupa vya kioo vilivyokuza sauti kabla ya kuenea kwa transista, iliyobuniwa Marekani mwaka 1947. Aghalabu chombo cha namna hiyo kimekwisha kupita mikononi mwa mafundi kadhaa, na kila mmoja amebadili kitu. Kikiwashwa huvuma, na sauti ya msemaji hutoka imekwaruza. Wengi hukimbilia kubadilisha valvu. Huko ni kubahatisha, na mtoto akizoezwa kubahatisha hatajifunza sayansi.

Watoto wa Unyamwezi wakumbushwe msafara. Katika karne ya 19 wapagazi walichukua pembe za ndovu kutoka Ujiji, wakapita Tabora, hata wakafika Bagamoyo. Tuseme mzigo umefika pwani umepungua. Mwenye mali mwenye busara hawapekui wapagazi wote. Huuliza kwanza kama mzigo ulikuwa kamili Tabora. Jibu moja humwondolea nusu ya njia. Sauti nayo ina vituo vyake: maikrofoni, waya, valvu za mwanzo, kidhibiti sauti, valvu za nguvu, transfoma, na mwisho spika. Kidhibiti sauti ndicho Tabora yetu.

Basi, fundi akiisha kuthibitisha kwamba waya wa ardhini ni mzima, mwanafunzi mmoja apunguze sauti hadi mwisho, wenzake wasikilize. Mvumo ukibaki vilevile, chanzo kiko baada ya kidhibiti, au katika sehemu inayogawa umeme. Ukitoweka, uliingia kabla yake. Mara nyingi ni waya wa maikrofoni uliokatika wavu wake wa kukinga, au uliolazwa sambamba na waya wa umeme.

Hapo ndipo masikio yaliyofunzwa do-re-mi hupata kazi. Umeme wetu wa majumbani huzunguka mara 50 kwa sekunde, na mvumo wa 50 huashiria umeme uliopenya kutoka kwenye nyaya. Mvumo wa 100 ni do ya juu yake. Kinyoosha mkondo kamili huzielekeza upande mmoja nusu zote mbili za kila mzunguko, kwa hiyo mapigo huwa maradufu. Kapasita kubwa za kuyalainisha zikikauka, mapigo hayo husikika.

Mkwaruzo una visa vyake. Kapasita inayounganisha valvu mbili ikivuja, volti zisizotakiwa hufika kwenye gridi, wavu mdogo unaoongoza mkondo ndani ya valvu ya nguvu. Valvu hupata moto kupita kiasi, na sauti hupasuka hata ikiwa ndogo. Tena, fundi aliyeondoa valvu ya kunyoosha mkondo akaweka daiodi za silikoni amepandisha volti bila kukusudia, kwa kuwa daiodi hupoteza chache mno. Kapasita za zamani huenda zisistahimili. Ndiyo maana naona ni afadhali kuuliza kilichobadilishwa kabla ya kuuliza kilichoharibika.

Kifuniko kisifunguliwe darasani kwa hali yoyote. Ndani mna volti 300 au zaidi, na kapasita huweza kuzihifadhi hata plagi ikiisha kuchomolewa, zinatosha kuua. Chombo kinachomtetemesha mtu akigusa bati lake kizimwe mara moja. Kila kundi liandike daftarini kituo lililokishuku na sababu yake, kisha daftari hilo apewe fundi pamoja na chombo chenyewe.