Picha ya Tumbo na Neno la Mkemia

Katika bonde la Mto Mara, wilaya za Tarime na Serengeti, dawa za kulevya maana yake ni bhangi. Ndiyo ilimwayo kwa siri, na ndiyo ing'olewayo na kuchomwa moto na maofisa wa Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya. Penye mpaka wa Sirari ongeza mirungi, ambayo Kenya ni zao la halali na kwetu ni marufuku. Gunia la majani halihitaji eksirei.

Heroini na kokeini ni jambo jingine, kwani hizo humezwa. Msafiri akishukiwa uwanjani hupigwa picha ya tumbo. Kete huonekana kama vivuli vya mviringo vya ukubwa mmoja, pengine vimezungukwa na utepe mwembamba wa hewa iliyonaswa ndani ya mfuko. Hata hivyo baadhi hufanana na kinyesi, na daktari hodari huweza kuzipita. Mashine ya siti skani huona zaidi. Yenyewe hupima uzito wa vivuli kwa kipimo ambacho maji ni 0 na hewa ni 1000 chini ya sifuri. Wako wataalamu waliojaribu kutambua kwa namba hizo ipi ni heroini na ipi ni kokeini. Namba zikawayumbisha, kwa kuwa hubadilika kadiri unga ulivyoshindiliwa na ulivyochanganywa.

Basi picha yafaa kwanza kwa kuokoa maisha: kete ya kokeini ikipasuka tumboni, mbebaji aweza kufa kabla hajaulizwa jina lake. Yafaa pia kumweka mtu chini ya ulinzi hata kete zitoke. Kumtia hatiani ni kazi nyingine. Chini ya sheria ya mwaka 2015 adhabu hufuata aina ya dawa na uzito wake, na yaweza kufika kifungo cha maisha. Aina hiyo hutajwa na Mkemia Mkuu wa Serikali, wala si na kivuli.

Akitokea mtu kudai mashine hizo kwa hospitali za mpakani, tutamwunga mkono kwa ajili ya majeruhi wa pikipiki. Kwa ajili ya dawa za kulevya, tungeomba kwanza sampuli zifike upesi kwa Mkemia, ambaye ana ofisi ya kanda Mwanza. Mwenye shamba la bhangi, na jirani yake aliyesingiziwa kwa kifurushi cha majani makavu, wote wawili wamo mahabusu wakiingoja karatasi ile ile.